Ghala likiungua: tunayoyaamini kuhusu gharama za ukarabati, na ukweli wake

“Nimekata bima ya bilioni 1, nikiungua nalipwa bilioni 1.”

Kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba ni ukomo tu. Kinacholipwa ni hasara iliyotokea. Tena kuna kipengele cha uwiano, ambacho wengi hukisoma wakiwa tayari wameungua. Tuseme kulijenga upya ghala lako kunahitaji shilingi bilioni 2, nawe ulilikatia bima ya bilioni 1 ili ada iwe nafuu. Moto umekula sehemu, ukarabati wake ni milioni 400. Kwa kuwa bima yako ni nusu tu ya gharama ya kujenga upya, utalipwa nusu ya hasara, yaani milioni 200, na hapo bado hawajakata kile kiasi unachobeba mwenyewe. Inauma sana, kwa sababu ingetosha kulithaminisha jengo upya kabla ya kuhuisha bima. Wala usitumie bei ya kuuzia: jengo la Kariakoo thamani yake kubwa iko kwenye kiwanja, na kiwanja hakiungui.

“Nguzo zimesimama, ni plasta na rangi tu.”

Zege likifika nyuzi joto 300 hivi za Selsiasi, mara nyingi hubadilika rangi likawa na wekundu wa kufifia, na kuanzia hapo nguvu yake hushuka. Kenchi za chuma zikiwa kwenye joto la 600 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Ndiyo maana mhandisi huigonga nguzo kwa nyundo ya kupimia, kisha hukata vipande vya zege vya mviringo vipelekwe maabara. Majibu yakitoka ndipo ijulikane nguzo ipi inabaki na ipi inavunjwa. Makadirio yoyote kabla ya hapo ni ya awali, usiyasaini kama ya mwisho.

“Fundi ataandika jumla, inatosha.”

Kwa dai kubwa haitoshi. Mkadiriaji majenzi hupima kila kitu na kukiwekea bei yake: bati kwa mita za mraba, zege kwa mita za ujazo, nondo kwa kilo. Kubomoa, kusomba kifusi na ada za wataalamu huwa na mistari yake, na hulipwa iwapo mkataba unazitaja. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) unayoweza kurudishiwa na TRA, mamlaka ya mapato, haiingii kwenye dai.

“Mkadiria hasara akishasema, basi.”

Huyu ndiye anayepima hasara yako baada ya moto. Ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, lakini aliyemteua ni kampuni ya bima. Una haki ya kuleta mtaalamu wako, na nakushauri umlete mapema. Wapime pamoja, siku hiyohiyo, wasaini vipimo walivyokubaliana. Ubishi ubaki kwenye bei peke yake. Mkikwama kabisa, Tanzania ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hadi wote wawe wamekagua, usiondoe kifusi zaidi ya kile kinachohatarisha watu, na hicho nacho kipige picha kwanza.