"Fanya tu mazoezi utapona": dhana inayowaangusha wagonjwa wa korona ya muda mrefu, na nyingine ninazozisikia kila wiki

Nimeisikia tena wiki hii, mara tatu. Mtu anaingia, anashika kiti kwanza ndo anakaa, miezi 9 tangu aumwe korona na bado ngazi chache tu zinamtoa pumzi (hiyo ndo korona ya muda mrefu, dalili zinazobaki miezi baada ya kuugua), alafu kitu cha kwanza anachoniuliza ni "dokta, nyumbani wanasema nimelala sana, si nianze tu kukimbia asubuhi mwili uzoee?" Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Mazoezi ndo kazi yangu, nawapa watu wa magoti, wa mgongo, waliopata kiharusi, na nimeona kwa macho yangu yakiwainua watu kitandani. Kwahiyo nikisema kuna wagonjwa ambao mazoezi yanawaumiza, ujue sio kwamba siyaamini, ni kwamba hao wagonjwa ninawapokea wakiwa tayari wameshaanguka.

Dhana: Uchovu wa korona ya muda mrefu ni mwili uliokosa mazoezi, ukijikaza kidogo kidogo kila siku utaisha.

Ukweli: Wengi wao, sio wote, wana hali ya kuzidiwa baada ya kujishughulisha. Mtu anafanya kitu, kufua, kutembea kituoni na kurudi, au hata cha kichwa tu kama kikao cha masaa mawili au kugombana na mtu, na wakati anafanya anajiona yuko sawa kabisa. Alafu baadaye, mara nyingi masaa 12 mpaka 48 mbele, anaanguka. Miguu mizito haibebeki, koo linawasha kama mafua yanaanza, kichwa kinauma, analala masaa 10 anaamka amechoka vilevile, maneno ya kawaida hayaji mdomoni, mwanga na kelele vinamkera. Hii inaweza kukaa siku mbili, inaweza kukaa wiki tatu, na kuna wanaoanguka wasirudi tena pale walipokuwa.

Hapo kwenye kuchelewa ndo kila mtu anapotea. Mgonjwa anakuambia "jana sikufanya chochote dokta, nimeamka tu hivi", na kweli jana hakufanya chochote, sasa mimi namwambia turudi juzi, na ya juzi tunaikuta, karibu kila mara, alikuwa na nguvu kidogo akaamua amalize kazi zote zilizolala wiki nzima. Maana siku ukijisikia nafuu ndo siku ya hatari. Unakopa nguvu za kesho kwa riba, na dawa ya deni ni kulipa, hili linalipwa kitandani.

Na tafadhali msiniambie hiyo ni hisia tu. Kuna watafiti wa Amsterdam, matokeo yao yalitoka Januari 2024, walichukua wagonjwa 25 wenye hali hii na watu 21 wenye afya, wakawapandisha baiskeli ya mazoezi dakika kama 10 mpaka 15, wakawatoa kipande kidogo cha msuli wa paja kabla na tena siku ya pili yake. Kwa wagonjwa waliona mitokondria, zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu, zinafanya kazi chini ya kiwango na baada ya baiskeli zikazidi kushuka, na msuli wenyewe ulikuwa umeharibika zaidi kuliko wa wale wenye afya. Dakika 15! Sasa wewe unamwambia akimbie nusu saa kila asubuhi.

Wenzetu wenye ugonjwa wa uchovu sugu, ule unaoitwa ME, wamepigana na hili miaka mingi kabla ya korona. Uingereza chombo kinachotoa mwongozo wa tiba, NICE, mwaka 2007 kilikuwa kinapendekeza wapewe mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, ikabidi Oktoba 2021 kibadilishe mwongozo na kusema tiba hiyo wasipewe. Ni miaka 14 katikati hapo, na wagonjwa walikuwa wanasema inatuumiza inatuumiza, wanajibiwa hawana juhudi. Mimi hiyo inanikera kuliko kitu chochote kwenye fani yangu, kwa sababu na sisi watu wa mazoezi tulikuwemo.

Sasa nilisema sio wote. Kuna mtu alilazwa ICU wiki tatu kwenye oksijeni, misuli ikaisha, mapafu yakaumia, huyu anahitaji mazoezi ya taratibu na yanamsaidia sana. Utawatofautishaje? Kwa kusubiri. Fanya kitu kidogo unachokimudu, alafu angalia siku mbili zinazofuata. Ukiamka kesho na keshokutwa uko vilevile au umechoka uchovu wa kawaida unaoisha ukilala, sawa, ongea na mtaalamu muongeze taratibu. Ukianguka, acha kuongeza, na mtu yeyote anayekwambia "pambana nayo" usimsikilize hata akiwa amevaa koti jeupe.

Wanaoanguka tunawafundisha kugawa nguvu. Chukua kile unachodhani leo unaweza, fanya nusu yake. Pumzika kabla hujachoka, hii watu inawashinda sana kwa sababu tumelelewa tupumzike kazi ikiisha, lakini ukisubiri mpaka uchoke umeshachelewa. Na kupumzika maana yake ni kulala chali, macho umefumba, bila simu, dakika 15 tu mara tatu au nne kwa siku, kulala na simu usoni kichwa kinafanya kazi hapo sio kupumzika. Wenye saa za kupima mapigo ya moyo nawaambia waangalie mapigo yao wakiwa wametulia asubuhi, waongeze 15, wakiona wamepita hapo wakae chini. Kuna wengine mapigo yanapanda kwa kusimama tu, hao hesabu hiyo inawabana mno, tunapanga pamoja.

Alafu kiti. Wagonjwa wangu wananimaliziaga sentensi hapa. Weka kiti bafuni, weka stuli jikoni, piga pasi umekaa, piga mswaki umekaa. Kusimama kunakula nguvu nyingi kuliko watu wanavyofikiri na kuna mtu kiti cha bafuni peke yake kimempa masaa mawili ya maisha kwa siku ambayo hakuwa nayo.

Dhana: Vipimo vyote viko sawa, kwahiyo huumwi.

Ukweli: Vipimo ulivyofanyiwa viko sawa. Picha ya damu, eksirei ya kifua, ECG (kile kipimo cha umeme wa moyo), hivyo havikutengenezwa kutafuta hili, na mpaka sasa hakuna kipimo kimoja cha korona ya muda mrefu. Shirika la Afya Duniani walitoa tafsiri yake Oktoba 2021 na inaangalia historia yako: kwa kawaida miezi 3 tangu uugue, dalili zimekaa angalau miezi 2, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza. Hicho kipande cha mwisho muhimu, lazima upimwe sukari, tezi ya shingo, upungufu wa damu, TB, moyo, ili tusije tukabandika jina la korona kwenye kitu chenye dawa.

Na kuna kitu kinanishangaza, mtu anakuja moyo unamwenda mbio, kizunguzungu, anapimwa ECG amelala kitandani, anaambiwa moyo mzima nenda nyumbani. Si umempima amelala? Tatizo lake linatokea akisimama! Mlaze atulie dakika chache, pima mapigo na presha, msimamishe dakika 10 umwangalie asije akaanguka, pima kila dakika chache. Kwa mtu mzima mapigo yakipanda 30 au zaidi yakabaki juu wakati presha haijashuka, hapo unafikiria POTS, yaani hali ya mapigo kupanda kupita kiasi mtu akisimama, na unamtuma kwa daktari. Haihitaji mashine ya gharama, inahitaji dakika 15 za mtu kukaa na mgonjwa.

Dhana: Ni mawazo. Ana sonona huyo.

Ukweli: Wapo wenye sonona, na kuumwa mwaka mzima bila kuaminiwa kunaleta sonona kwa mtu yeyote. Lakini muulize swali moja, ukipona kesho utafanya nini? Mwenye sonona nzito mara nyingi hana jibu, hataki kitu. Hawa wangu wanakupa orodha mpaka inabidi umkatize, atarudi kazini, atacheza na watoto, atamalizia nyumba. Hamu anayo tele, mwili ndo umekataa. Sio kipimo cha kumalizia mjadala lakini kinafungua macho.

Dhana: Korona yako ilikuwa mafua tu, hukulazwa hata siku moja, haiwezi kuwa hiyo.

Ukweli: Inaweza. Kwa sababu walioumwa kidogo nyumbani ndo wengi zaidi, hata wenye dalili za muda mrefu wengi wanatoka kundi hilo. Chanjo inapunguza uwezekano, haiumalizi. Na watoto wanapata.

Dhana: Ni ugonjwa mpya, wamebuni tu baada ya korona.

Ukweli: Jina ndo jipya, lilianzia kwa wagonjwa wenyewe mwaka 2020, mmoja wao, Elisa Perego wa Italia, alilitumia mtandaoni mwezi wa 5 na likashika. Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free London wafanyakazi zaidi ya 200 waliugua kwa mpigo na wengine hawakurudia hali yao, na jina ME lilitokana na hapo. Waliopona Ebola, SARS ya 2003, chikungunya ambayo jina lake la Kimakonde lenyewe linamsema mtu aliyekunjwa na maumivu, wote hao wapo waliobaki na uchovu au viungo kuuma miezi na miaka. Kirusi kikiondoka sio lazima mwili nao urudi siku hiyohiyo.

Dhana: Jana alikuwa anacheka kwenye sherehe, leo anaumwa?

Ukweli: Ndiyo. Soma tena hapo juu kuhusu masaa 48. Wewe ulimwona ukumbini, hukumwona siku nne zilizofuata chumba kimezimwa taa.

Mbili za haraka za magonjwa mengine sugu, maana wagonjwa wangu wengi wanayo pamoja. Presha ikishuka sio kwamba umepona, imeshuka kwa sababu unameza dawa, ukiacha inarudi na mara nyingi hairudi na dalili yoyote mpaka siku ya kiharusi, na hao wa kiharusi naletewa mimi niwafundishe kutembea upya. Na hii ya "vidonge vya kila siku vinaua figo", jamani, sukari na presha zisizotibiwa ndo sababu kubwa kabisa za figo kufa. Kama una wasiwasi na figo muombe daktari azipime, usiache dozi kimyakimya. Kwa watu hao wa sukari na presha mazoezi ni mazuri sana na nitawasukuma wafanye, isipokuwa kama mtu huyohuyo ana kule kuanguka nilikoeleza, hapo tunaanza na kugawa nguvu kwanza.

Ukija kliniki kwangu au kwa mwingine yeyote, njoo na daftari la wiki mbili. Kila siku mistari miwili inatosha, ulichofanya (na cha kichwa pia, sio cha mwili tu) na ulivyoamka. Kama kuandika kunakuchosha basi ndugu akuandikie au rekodi sauti. Lakini kifua kikibana, ukizimia, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usisubiri daftari lijae, nenda hospitali siku hiyohiyo.