Magadi Si Baikaboneti

Wapishi wengi huamini kwamba magadi na soda ya kuumulia keki ni kitu kimoja chenye majina mawili, tofauti ikiwa ni kwamba cha kwanza huuzwa kwa mafungu sokoni na cha pili kwenye kopo. Sivyo. Soda ya keki ni baikaboneti ya sodiamu tupu (NaHCO₃), ilhali bonge la kijivujivu litokalo Ziwa Magadi nchini Kenya ni trona, yaani fuwele zenye kaboneti (Na₂CO₃) na baikaboneti kwa pamoja, zikiwa na maji ndani yake, na mara nyingi huchanganyika na chumvi na udongo.

Kaboneti ndiyo yenye ukali: mmumunyo wake hufikia pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya 11 hivi, wakati ule wa baikaboneti hukaribia 8 tu. Ndiyo maana kibonge kidogo hulainisha sufuria zima la maharage au makande, kwa kuwa alkali huvunja pektini inayoshikamanisha chembe za punje, na kikizidi mchuzi huwa na ladha ya sabuni. Kosa la hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni kulitumia jina la magadi hata kwa kostiki soda (NaOH), ambayo huunguza ngozi na haifai kabisa kutiwa chunguni.