Kitanda cha sita kwa sita kutoka Keko mpaka Mwanza: usilipie nauli ya hewa

Kwenye karakana yetu ya useremala hapa chuoni tunapigiwa sana simu na mafundi waliopita mikononi mwetu, na swali linalojirudia kuliko yote sio la gundi wala vanishi, ni la usafiri. Fundi yuko zake Keko, Dar es Salaam, kaweka picha ya kitanda kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja wa Mwanza kakipenda na advansi katuma, alafu fundi anaenda kuuliza nauli ya lori anatajiwa hela inayomeza faida yote. Anampandishia mteja bei, mteja anaghairi, ananunua kitanda cha chuma palepale mjini. Mimi hili linaniuma kwa kweli, maana kazi ya mkono ya mninga au mkongo ambayo watoto na wajukuu wangeilalia inashindwa na safari tu, ubora inao.

Sasa kabla hujamlaumu mwenye lori, jua anachokiangalia. Mwenye lori hasumbuki sana na kilo za kitanda chako, anaangalia nafasi kinayochukua, kwa sababu nafasi hiyo angeweka magunia au katoni za mtu mwingine. Chukua kitanda cha sita kwa sita chenye kichwa kirefu kikiwa kimeshafungwa kizima, upana mita 1.9, urefu mita 2, kwenda juu mita 1.2, ukizidisha unapata kama mita za ujazo 4.5. Humo ndani mbao yenyewe ni kidogo mno, kilichobaki ni hewa, na wewe unailipia hewa nauli ya kilomita zaidi ya 1,100. Kitanda hichohicho kikifunguliwa vipande, yani kichwani, miguuni, mbavu mbili za pembeni na chaga zimefungwa fungu moja, vyote vikilazwa pamoja haviifikishi hata nusu mita ya ujazo. Ni kama mara kumi chini. Hakuna mazungumzo na dalali yeyote yatakayokupunguzia nauli namna hiyo, punguzo kubwa linatengenezwa karakanani wakati unachora, siku ya kupakia umeshachelewa.

Kwahiyo ukishajua mzigo unaenda mbali, jenga wa kufunguka. Kitanda ndio rahisi kuliko vyote. Mbavu usizigongelee misumari wala usizitie gundi pale zinapokutana na kichwani, weka bolti ndefu na nati, na kila kona ziwe bolti mbili ili ubavu usizunguke. Alafu chonga ulimi mfupi kwenye ubavu uingie tundu dogo kwenye mguu, uzito wa watu waliolala ubebwe na ule ulimi, kazi ya bolti iwe kuvuta tu ibane. Wapo wanaotumia skrubu za mbao tupu, hiyo inafaa mara ya kwanza, ukifungua na kufunga mara tatu nne tundu linalegea na kitanda kinaanza kupiga kelele, mteja anakuchukia bure. Kila kona ichonge namba kwa patasi kwenye pande zote mbili, namba moja ikutane na moja, mbili ikutane na mbili, usiandike kwa kalamu maana itafutika. Bolti zote ziingize kwenye kiroba kidogo pamoja na spana yake, kifunge kwenye ubavu kwa waya. Na kabla ya kutuma mwite mtu ambaye sio fundi, mpe vipande akifunge mbele yako, wewe kaa kimya uangalie tu. Pale atakapokwama ndipo mteja wa Mwanza atakapokwama, parekebishe.

Meza ya chakula ni hivyohivyo, uso wake ulale peke yake na miguu ifungwe fungu. Kabati ndio lina shida, ila ukiligawa la chini na la juu, ukatoa milango na ukaufunga mgongo wa plaiwudi kwa skrubu badala ya misumari, linabebeka. Viti vya kulia mimi sishauri kuvifungua, kiti kinateswa sana na mtu anayeegemea nyuma na kinahitaji maungio ya gundi, wewe vipange viwili viwili kiti juu ya kiti vikitazamana, na nafasi iliyobaki katikati ya miguu uijaze vitu laini. Sofa hapa Dar watu wanasafirisha nzima na ndio mzigo wenye hewa kuliko yote, sponji tupu. Kuna mafundi wanapeleka fremu tu na kitambaa, alafu fundi mwenzao kule mkoani anaweka sponji na kuivalisha, wanagawana hela ya kazi. Mpango huo naupenda sana, ila lazima mwaminiane.

Tukija kwenye usafiri wenyewe, kitu cha kwanza tafuta gari la kurudi. Fuso zinaingia Dar kila siku na mchele wa Kahama na Shinyanga, viazi vya Njombe na Mbeya, vitunguu vya Singida, zikishashusha dereva anatafuta chochote cha kurudi nacho kwasababu mafuta ya kurudi atayachoma tu. Huyo ndio mtu wako. Ukienda kukodi gari zima kutoka Dar unalipia kwenda na kurudi hata kama hamjasema hivyo mdomoni, ila huyu tayari kwenda kulilipiwa na mchele. Mtafute sokoni kunakoshushwa mazao au kwenye ofisi za mizigo ya mikoani kule Kariakoo, na uwe na subira ya siku mbili tatu, mtu mwenye haraka ndiye anayelipa bei ya juu. Muulize anapakia nini kingine. Swali hili watu hawaulizi na mimi nililipia ujinga huo, niliwahi kumtumia mama kabati Musoma, nikampa dereva bila kuuliza, kumbe juu yake wakapanga mifuko ya saruji. Lilifika limepinda kama limekaliwa na tembo, na mama wala hakulalamika, alilipokea akasema asante mwanangu. Siku hizi nauliza mzigo wangu utakaa wapi na kitu gani kitakaa juu yake, na nasubiri palepale mpaka turubai lifungwe.

Njia ya pili ni kuchanga mzigo. Pale Keko mafundi wamebanana, leo mmoja ana kitanda cha Mwanza, jirani yake ana meza ya Shinyanga, mwingine kabati la Geita, na kila mtu anaenda kivyake kwa dalali wake. Mkikaa mkaweka siku moja ya wiki kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa mkajaza nusu ya Fuso, mnakuwa na sauti ya kupanga bei, na mzigo wote ukiwa fanicha hakuna saruji ya kuulalia.

Basi ni zuri kwa vitu vidogo, stuli, meza ya kahawa iliyofunguliwa, kiti cha mtoto, kwasababu linafika kesho na mteja anachukua stendi kwa namba ya risiti. Kitanda kwenye buti la basi utalipia sana, na likijaa abiria mzigo wako ndio unabaki.

Treni watu wameisahau na sioni kwanini. Reli ya kati ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, inafika Tabora, Kigoma na Mwanza, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita Ifakara, Makambako na Mbeya mpaka inaingia Zambia, jumla kilomita 1,860 toka Dar hadi Kapiri Mposhi. Kwa mteja wa Kigoma, kilomita kama 1,250 kwa reli, mimi ningeanza kuulizia stesheni kabla ya lori. Waulize wanapima kwa kilo au kwa ukubwa, maana vipande vya mbao vilivyolazwa ni vizito lakini vidogo. Ubaya wake ni kwamba mzigo unashikwa na watu wengi, kutoka karakana mpaka stesheni, stesheni mpaka kwenye behewa, na kule mwisho tena, kwahiyo ufungaji uwe wa uhakika, na mteja asiwe na haraka ya harusi ya Jumamosi.

Kwenye hesabu usisahau vipande vidogo vya njiani, hivi ndivyo vinavyoua. Guta au Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, kutoka karakana mpaka kwenye gari kubwa, makuli wa kupakia, makuli wa kushusha, Kirikuu nyingine ya kumpelekea mteja nyumbani Nyegezi au Buswelu. Ukiulizwa bei sema wazi kabisa inaishia wapi, stendi, sokoni au mlangoni kwake, na iandike kwenye meseji.

Kufunga sasa. Vanishi iache ikauke siku kadhaa, sio ile ya kugusa na kidole ukaona haishiki. Ukiizungushia nailoni ikiwa bado changa na ikapigwa jua chini ya turubai, nailoni inagandia na kuacha alama ambazo hazitoki mpaka upige msasa upya. Anza na kitambaa au karatasi, mashuka ya mitumba ni bei rahisi na mteja atayafanyia kazi, alafu katoni kwenye kona zote kwasababu kona ndio zinagongwa kwanza, nailoni iwe ya mwisho kabisa. Kioo kisafiri kimesimama, kamwe kisilazwe, na kifungwe peke yake katikati ya plaiwudi mbili.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani. Mbao iliyokaa Dar imezoea unyevu wa pwani, ukiipeleka Dodoma au Singida kwenye hewa kavu inapoteza maji na kusinyaa upande wa upana. Uso wa meza uliobanwa kwa gundi na misumari pande zote utapasuka katikati ndani ya miezi michache, na mteja atasema umempa mbao mbovu. Tumia mbao iliyokauka vizuri, na uso wa meza ufunge kwa skrubu zilizopita kwenye matundu marefu kidogo ili mbao ipate pa kuchezea.

Makaratasi: mbao ni zao la misitu, kwahiyo tunza risiti halali ya mbao ulizonunua, na kabla ya kupakia pita ofisi ya TFS, yani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ya wilaya yako uulize hati ya kusafirishia inayohitajika kwa mzigo wako. Kizuizini sio mahali pa kuanza kujifunza utaratibu, na dereva hatakusubiri. Weka risiti ya mauzo pia. Alafu usidhani bima ya lori inalinda kitanda chako, bima ndogo ya lazima ya chombo ni kwa madhara kwa watu wengine, bima ya mzigo ni kitu kingine kinachokatwa kivyake.

Wachache wenye wateja Muscat au Ulaya, kule mnachangia kontena na mtu analipishwa kwa mita ya ujazo, kwahiyo hesabu ya hewa ni ileile. Kreti ya mbao tupu lazima iwe imepashwa moto mpaka katikati ya mbao ifike nyuzi 56 kwa dakika 30 na igongwe muhuri wa kimataifa, kreti ya plaiwudi haihitaji hiyo. Na kama kazi yako ina mpingo, mti huo umo tangu 2017 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ulizia kibali kabla ya kupokea advansi.

Mzigo ukishaondoka mtumie mteja picha za kila kipande kabla hakijafungwa na baada ya kufungwa, idadi ya mafungu, namba ya gari na simu ya dereva. Mwambie akipokea ahesabu mafungu, afungue kona mbele ya dereva, apige picha palepale, na sehemu ya nauli uliyobakiza aitoe baada ya hapo. Alafu mpigie video wakati anafunga kitanda, umwelekeze taratibu, na bolti zote aziingize kwa mkono kwanza, spana ije mwishoni kabisa zikiwa zote zimeshakaa.