Otofajia haifuti madhara ya sigara: dhana potofu na ukweli kuhusu saratani ya mapafu

Wapo wanaoamini kwamba mvutaji sigara akifunga kula kwa saa nyingi, otofajia itamsafisha mapafu. Otofajia yenyewe ni jambo la kweli: seli hufunika protini zilizoharibika ndani ya kifuko, ikazipeleka kwenye lisosomu, sehemu ya seli inayosaga taka, zikasagwe na kutumika upya. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kubainisha, kupitia hamira, jinsi kazi hiyo inavyoendeshwa. Lakini chanzo cha saratani ni mabadiliko ya kudumu katika DNA, na hayo hayapakiwi kifukoni yakatupwa. Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka huohuo, anayevuta pakiti moja kila siku hujiongezea kiasi cha mabadiliko 150 kwa mwaka katika kila seli ya mapafu.

Wengine husoma kwamba moshi wa sigara huongeza protini ya LC3, wakadhani mwili unajisafisha kwa bidii. Hapa pana kosa la msingi. LC3 hukaa juu ya vifuko hivyo, na wingi wake waweza kumaanisha kwamba vifuko vimekwama bila kusagwa. Vifurushi vya taka vilivyorundikana barabarani si ushahidi kwamba gari la taka limepita. Ndiyo maana huangaliwa pia p62, protini ambayo hupungua usagaji unapokamilika. Katika makrofaji za mapafu ya wavutaji, seli walinzi ambazo kwenye hadubini huonekana za kahawia kwa masizi zilizomeza, p62 ilikutwa imejilimbikiza. Moshi umelemaza usafi uleule tunaoambiwa utauondoa.

Si kweli pia kwamba otofajia humlinda mtu wakati wote. Katika panya waliotiwa jeni ya Kras yenye hitilafu, ambayo huchochea saratani, kuondolewa kwa Atg5, jeni inayohitajika ili otofajia ifanyike, kuliongeza vivimbe vilivyoanza, ilhali kuondolewa kwa Atg7, jeni nyingine ya otofajia, ndani ya vivimbe kulivifanya visiwe vikali. Kwa hiyo otofajia huzuia saratani isianze, ila ikishaota huweza kuilisha. Kwa sababu hiyo klorokwini, dawa ya malaria ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa kuwasha mwili, imejaribiwa pamoja na dawa za saratani kwa kuwa huzuia lisosomu kufanya kazi. Hayo ni majaribio. Asiitumie mtu kwa hiari yake.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni ya aliyevuta miaka 30 na kusema amekwisha kuchelewa. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa walioacha, asilimia 20 hadi 40 ya seli za njia ya hewa zilikuwa na DNA iliyokaribia ya mtu asiyewahi kuvuta, mara nne ya zile za wanaoendelea. Seli zilizonusurika, moshi ulipokoma, zilichukua nafasi ya zilizoharibika.