Kambi ya Kigeni Berbera: Ni Nani Mwenye Haki ya Kutia Saini?

Kila taarifa ya habari inapoitaja Berbera, mji wa bandari wa Somaliland, wakazi wa Lamu hutega sikio kwa namna ya pekee, kwa kuwa mambo ya Somalia kwetu si ya mbali: ukitoka Kiwayu na kuipita Kiunga, mpaka u mbele yako. Katika kikao kimoja cha elimu kwa umma ambacho taasisi yetu ilikiandaa mjini Lamu, mzee mmoja kutoka Faza aliuliza swali ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha jambo lote. Alisema, "Mwalimu, nyumba ikiwa na kesi mahakamani, yule anayeishi ndani ana haki ya kuipangisha?" Makala haya ni jibu lake, kwa urefu ambao muda wa kikao kile haukuuruhusu.

Eneo linalogombaniwa ni Somaliland. Lilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, ilhali sehemu ya kusini, yenye Mogadishu na Kismayu, ilitawaliwa na Italia. Somaliland ilipata uhuru wake Juni 26, 1960, ikawa dola kamili kwa siku 5 tu, kisha Julai 1 ikaungana na kusini kuunda Jamhuri ya Somalia. Juu ya siku hizo 5 ndipo Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, inapojenga hoja yake hadi leo. Azimio la wakuu wa nchi za Afrika lililopitishwa Cairo mwaka 1964 liliagiza kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe, na Somaliland husema kwamba ilipojitenga Mei 18, 1991 haikuvunja mpaka wowote, bali ilirudi ndani ya mpaka wake wa Juni 1960. Mogadishu hujibu kwamba muungano ule ulikuwa halali na kwamba hakuna sehemu ya nchi inayoweza kujiondokea kwa uamuzi wake peke yake. Ujumbe wa Umoja wa Afrika uliozuru Somaliland mwaka 2005 ulikiri kwamba suala hilo ni la pekee katika historia ya bara letu, lakini Umoja wenyewe haukuchukua hatua ya kuitambua.

Sasa tuitazame Berbera yenyewe. Magharibi mwa mji kuna njia ya kurukia ndege yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4, miongoni mwa zile ndefu zaidi barani Afrika, imenyooka kwenye uwanda mkavu ulio kati ya bahari na milima, na ukubwa wake hauwiani hata kidogo na mahitaji ya mji ule. Waliojenga ni Wasovieti katika miaka ya 1970, walipokuwa marafiki wa Rais Siad Barre wa Somalia, kwa sababu Berbera inaelekeana na Aden na haiko mbali na mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb, ambao kila meli inayopita Suez kuelekea Bahari ya Hindi hulazimika kuupitia. Novemba 1977, Moscow ilipoamua kuisaidia Ethiopia katika vita vyake na Somalia vya kugombea Ogaden, Barre aliwafukuza Wasovieti, na ilipofika 1980 akatia saini makubaliano na Marekani. Njia ileile iliyojengwa kwa ajili ya ndege za kivita za Wasovieti ikawekwa katika orodha ya mahali ambapo vyombo vya anga vya NASA vingeweza kutua kwa dharura.

Makubaliano yote mawili, ya Wasovieti na ya Wamarekani, yalitiwa saini na serikali iliyotambuliwa na dunia nzima, na kwa upande wa sheria hayakuwa na doa. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyoishambulia Hargeisa kwa mabomu mwaka 1988, huku baadhi ya ndege zikiruka kutoka uwanja wa ndege wa Hargeisa wenyewe; maelfu ya raia waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbilia Ethiopia. Ninalieleza hili kwa uzito kwa sababu siku hizi husikika hoja kwamba saini ya serikali inayotambuliwa ndiyo kinga ya wenyeji. Siyo. Utambuzi hujibu swali la nani anaruhusiwa kutia saini, lakini hausemi lolote kuhusu iwapo mtiaji saini anawajali watu wanaoishi pembeni ya uzio wa kambi.

Kanuni ya sheria ya kimataifa ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza. Jeshi la kigeni likiwa ndani ya nchi bila ridhaa ya serikali halali, na bila idhini ya Baraza la Usalama, uwepo wake unakiuka Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao katika kifungu cha 2(4) unakataza matumizi ya nguvu dhidi ya mipaka na uhuru wa dola nyingine. Ugumu unaanza pale penye serikali mbili: moja ina kiti cha Umoja wa Mataifa New York, nyingine ina ufunguo wa lango. Kupro ya Kaskazini ilijitangazia uhuru Novemba 1983, Baraza la Usalama likalibatilisha tangazo hilo kwa azimio namba 541, na hadi leo ni Uturuki pekee inayoitambua, lakini majeshi ya Uturuki yaliyoingia mwaka 1974 yangali pale. Abkhazia nayo ilitambuliwa na Urusi mwaka 2008, na miaka miwili baadaye ikaipa Urusi haki ya kuwa na kambi kwa miaka 49, katika ardhi ambayo Georgia huihesabu kuwa imekaliwa kwa mabavu. Kosovo iko tofauti kidogo, kwa kuwa wanajeshi wa NATO waliingia mwaka 1999 kwa azimio namba 1244 la Baraza la Usalama, kabla ya tangazo la uhuru la 2008, na kwa hiyo kambi ya Marekani ya Bondsteel haikutegemea saini ya Pristina, mji mkuu wa Kosovo.

Berbera haikuwa na azimio la aina hiyo. Mwaka 2016 kampuni ya DP World ya Dubai ilikubaliana na Hargeisa kuiendeleza bandari kwa miaka 30, na Februari 2017 bunge la Somaliland likaidhinisha kambi ya kijeshi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, wakati ambapo majeshi ya nchi hiyo yalikuwa vitani Yemen, ng'ambo ya Ghuba ya Aden. Mogadishu ilipinga vikali. Machi 2018 bunge la Somalia lilipiga kura kuizuia DP World kufanya kazi nchini, lakini ujenzi wa bandari uliendelea kana kwamba kura hiyo haikupigwa. Kuhusu uwanja wa ndege, mwaka 2019 Rais Muse Bihi alitangaza kwamba ungetumika kwa safari za kiraia.

Kilichonitia wasiwasi zaidi kilikuja baadaye. Januari 1, 2024, Ethiopia, ambayo haina pwani tangu Eritrea ijitenge mwaka 1993, ilitia saini hati ya maelewano na Somaliland ya kukodishiwa kilomita 20 za pwani kwa miaka 50 kwa ajili ya jeshi lake la majini, na Hargeisa ikasema kwamba malipo yake ni kutambuliwa. Kambi haikuwa tena matokeo ya kuwa dola. Ilikuwa imegeuzwa bei ya kununulia udola. Uturuki ilizikutanisha Ethiopia na Somalia Ankara mnamo Desemba 2024 na kuzituliza, na mwaka mmoja baadaye, Desemba 26, 2025, Israeli ikaitambua Somaliland. Watu wa Somaliland wamejiendesha tangu 1991, wameshiriki katika chaguzi na kubadilisha marais kwa kura, na kilio chao cha kutambuliwa kinastahili kusikilizwa kwa uzito wake chenyewe. Hakipaswi kupimwa kwa urefu wa pwani waliyo tayari kuitoa kwa jeshi la mgeni.

Sisi wa Lamu tunaijua hali ya kuishi jirani na kambi. Manda Magogoni kuna kituo cha jeshi letu la majini ambamo wanajeshi wa Marekani nao wamo, na kituo hicho kilishambuliwa na al-Shabaab Januari 5, 2020, Wamarekani watatu wakauawa. Hata hivyo hakuna anayeuliza Manda ni ya nchi gani, na mwenyeji mwenye dai dhidi ya mradi wa serikali anajua pa kulipeleka. Wavuvi wetu walipoona bandari ya Lamu, iliyo sehemu ya mradi wa serikali wa LAPSSET, inawaharibia maeneo yao ya uvuvi walikwenda Mahakama Kuu ya Malindi, ambayo mwaka 2018 iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Mvuvi wa Berbera anazo mahakama za Somaliland, na sitaki kuzidharau. Lakini malalamiko dhidi ya jeshi la kigeni kwa kawaida huvuka uwezo wa mahakama ya mahali, yakawa mazungumzo ya dola na dola, na hapo ndipo mlango unapofungwa. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa bahari unaoanzia karibu na Kiunga, na Oktoba 12, 2021 ikapewa sehemu kubwa ya eneo lililogombaniwa. Kenya ilikataa hukumu hiyo, lakini shauri lilisikizwa. Mahakama hiyo hupokea mashauri ya dola peke yake. Hargeisa ikikosana kesho na mgeni iliyemkabidhi pwani kwa miaka 25 au 50, haina njia ya kumfikisha huko, na Mogadishu, ambayo inayo njia hiyo, itakwenda kudai kwamba mkataba wenyewe haukuwahi kuwapo.