Daktari wa homiopathi naye huwajibishwa

Wengi huamini kwamba daktari wa homiopathi, aina ya tiba mbadala, hawezi kupatikana na kosa la kitaaluma, eti matone yake yamezimuliwa mno hata hayadhuru. Sivyo. Nchini India kanuni za maadili yao zipo tangu 1982: kutoa cheti cha uongo au kujitangaza ili kuvuta wagonjwa huweza kumponza.

Zito zaidi ni kuvuka mpaka wa alichosomea. Mmoja, aliyesajiliwa kwa homiopathi tu, alimpa mgonjwa dawa za hospitali, kwanza za homa ya virusi, kisha za taifodi. Mgonjwa akafariki. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu iliamua kuwa kutibu kwa mfumo usiousomea ni uzembe tosha, hauhitaji ushahidi mwingine. Mjane alipwe rupia 300,000. Kwa hiyo ukiuliza namba ya usajili, uliza pia ni ya tiba gani.