Kuhamia Mac si kuiaga Excel

"Ukinunua Mac, sahau Word na Excel." Kauli hii imezunguka miaka mingi, na inasikitisha kwamba bado inawatia watu hofu bure. Ukweli ni kwamba Excel ilizaliwa kwenye Macintosh (jina refu la Mac, kompyuta ya Apple) mwaka 1985. Watumiaji wa Windows waliipata miaka miwili baadaye. Hata Microsoft Office yenyewe ilitoka kwanza kwa Mac, mwaka 1989.

Kinachokosekana kweli ni Access, programu ya hifadhidata, isiyo na toleo la Mac. Anayeitegemea kila siku afikirie mara mbili.

Linux, mfumo endeshi mwingine wa kompyuta, ni habari nyingine. Huko Office hutumika kupitia kivinjari, au unafungua faili zako kwa LibreOffice, kifurushi cha programu za ofisi ambacho ni cha bure. Barua ya kawaida hufunguka vizuri. Shida huja kwenye majedwali yenye makro (amri zilizoandikwa ili kazi zijifanye zenyewe), na pale fonti ya Calibri inapokosekana: mistari husogea, kurasa huongezeka, na mtu hudhani faili imeharibika. Haijaharibika. Sakinisha fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, na mara nyingi mpangilio hurudi.